Vikorokoro vya Dini: Ubaya Wake Uko Wapi Hasa?

Huko Lourdes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, inauzwa chupa ya plastiki yenye umbo la Bikira Maria. Mikono imeshikana kifuani, na taji la buluu kichwani ndilo kizibo. Ukilizungusha linatoka, unajaza maji ya chemchemi, unalirudisha. Wapo wanaoiona chupa hiyo wakacheka. Wapo wanaokasirika, wakiuliza imekuwaje Mama wa Mungu afunguliwe kichwa kama chupa ya soda. Na wapo wanaoijaza, wakaiviringisha kwenye taulo ndani ya begi na kumpelekea mgonjwa aliyeshindwa kusafiri.

Ubishi juu ya bidhaa za namna hii ni wa siku nyingi, na kila unapozuka watu huongea wakipishana. Mmoja anasema sanamu zile ni mbaya kwa sura. Mwenzake anamjibu kwamba bibi yake alisali mbele ya sanamu kama hiyo maisha yake yote. Wa tatu anafungua Kutoka 20 na kusoma amri kuhusu sanamu za kuchonga. Wa nne anataka kujua faida inaingia mfukoni mwa nani. Ukiwasikiliza vizuri, utagundua kuna kesi tatu ndani ya jalada moja: ya sura, ya imani na ya pesa. Kila kesi ina ushahidi wake, na ushahidi wa moja hauamui nyingine. Kitu kinaweza kuchukiza macho na kisiwe na kosa lolote kiimani. Kingine kikawa kizuri ajabu na bado kikadanganya.

Inayopigiwa kelele zaidi ni kesi ya sura. Kwa maoni yangu ndiyo nyepesi kuliko zote.

Biashara ya tangu zamani

Usidhani ni plastiki iliyoleta haya. Kati ya karne ya 5 na ya 7, mahujaji waliofika kwenye kaburi la Mtakatifu Mena, jangwani upande wa magharibi wa Aleksandria, waliondoka na vichupa vya udongo vyenye mchoro wa mtakatifu huyo katikati ya ngamia wawili. Vilitolewa kwenye kalibu, kimoja sawa na kingine, na vimefukuliwa mbali sana na Misri, hadi Ulaya. Huko Canterbury, baada ya Askofu Mkuu Thomas Becket kuuawa mwaka 1170, mahujaji walipata vichupa vya madini ya bei ndogo vyenye maji yaliyosemekana kuchanganywa na damu yake. Beji za hija za risasi na bati zimeokotwa kwa wingi kwenye matope ya mito ya Thames na Seine. Nyingi ni nyembamba, sura zake ni za kukisia. Mtakatifu unamtambua kwa alichoshika mkononi, maana usoni wote wanafanana.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Aachen, Ujerumani. Masalia ya pale, yaani vitu vinavyoheshimiwa kama mabaki ya watakatifu, yalionyeshwa hadharani kila baada ya miaka saba, na umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wengi hawakuweza kuyasogelea. Basi wakauziwa vioo vidogo: unakiinua kioo juu ya vichwa vya watu, kinanasa mng'aro wa masalia, unarudi nao nyumbani. Johannes Gutenberg, kabla hajajulikana kwa uchapaji, aliingia ubia huko Strasbourg wa kutengeneza vioo hivyo kwa ajili ya hija iliyotarajiwa mwaka 1439. Ikaja kubainika kuwa hija ni ya 1440, mtaji ukakwama, na ubia wenyewe ukaishia mahakamani. Mtu aliyekuja kuchapa Biblia maarufu kuliko zote alipitia kwanza kwenye vikorokoro.

Hakuna hujaji wa Aachen aliyenunua kioo ili kupendezesha sebule. Alitaka kitu kilichokuwepo pale, kilichoelekezwa kwenye kile alichokiamini, ambacho sasa kipo kwake. Kukipima kitu cha namna hiyo kwa uzuri ni sawa na kuipima barua kwa mwandiko wake. Chupa ya Lourdes ni ya ukoo huohuo. Ina kazi moja, inaifanya, wala haijisingizii kuwa sanaa. Mimi binafsi sioni kosa lake.

Waliovunja sanamu na wajukuu zao

Katika kesi ya imani, mfano ulio wazi kuliko wote umo ndani ya Biblia yenyewe. Katika Hesabu 21, Musa anatengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu, na walioumwa na nyoka wanamtazama wakapona. Karne kadhaa baadaye watu wanamfukizia uvumba nyoka yuleyule, na mfalme Hezekia anamvunjavunja (2 Wafalme 18:4). Shaba ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni watu walivyomtumia.

Ukristo ulirudi kwenye swali hilo mara nyingi. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Mtaguso wa Trento ulilirudia hilo Desemba 1563, ukaongeza kwamba watu wasiamini kuna nguvu iliyojificha ndani ya sanamu, kwamba picha zisichorwe kwa urembo wa kuamsha tamaa, na kwamba kila pato la aibu lifutwe. Yaani maaskofu wale walizigusa kesi zote tatu ndani ya tamko moja, miaka zaidi ya 450 iliyopita.

Kwa wanamatengenezo, waanzilishi wa Uprotestanti, tahadhari hizo hazikutosha. Zürich iliondoa sanamu makanisani mwaka 1524. Katika Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo), mwaka 1566, makundi ya watu yaliingia makanisani na kuvunja kila kilichovunjika. Mwanamatengenezo Calvin, katika maandishi yake ya 1543 kuhusu masalia, alidhihaki kwamba vipande vya msalaba wa Yesu vilivyotapakaa Ulaya vikikusanywa vingejaza meli nzima.

Sasa tazama mambo yalivyogeuka. Uso wa Yesu uliosambaa kuliko mwingine wowote katika karne ya 20 ulichorwa na Mprotestanti. Warner Sallman, msanii wa matangazo ya biashara wa Chicago, aliuchora kwa mkaa mwaka 1924 kwa ajili ya jalada la jarida la kanisa lake, kisha mwaka 1940 akaupaka rangi ya mafuta. Nywele ndefu za kahawia, ngozi nyeupe, mwanga laini, macho yanayotazama juu kidogo pembeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanajeshi wa Marekani waligawiwa nakala zake kama kadi za mfukoni. Picha hiyo iliwekwa kwenye kalenda, saa na taa za mezani, na nakala zake hukadiriwa kupita milioni 500. Wajukuu wa waliozitoa sanamu kanisani waliziingiza sebuleni, na kwa kuwa sebule haina mtaguso, hakuna aliyewauliza.

Kosa kubwa la picha ya Sallman halina uhusiano na ladha. Ilimchukua Myahudi wa Galilaya ikampa sura ya mtu wa Ulaya ya kaskazini, na kwa sababu ilikuwa kila mahali, watu wa mabara mengi walikua wakiamini kwamba ndivyo alivyokuwa. Ukilinganisha na hilo, kulalamika kwamba mwanga wake ni mtamu kupita kiasi ni kuhangaika na pazia nyumba ikiungua.

Utamu ulivyotengenezwa

Katika karne ya 19, mitaa inayozunguka kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris ilijaa maduka ya vifaa vya ibada. Hadi leo Wafaransa wakitaka kuidharau sanaa ya kidini iliyo tamu kupindukia huitaja kwa jina la mtaa huo. Sanamu za plasta zilimiminwa kwenye kalibu, zikapakwa rangi za waridi na samawati, zikaandikwa kwenye katalogi kwa urefu na bei, zikasafirishwa kwa meli hadi misioni za mbali. Picha ndogo za karatasi, pembeni zimetobolewa kama lesi, zilichapwa kwa wingi kwa litografia.

Ule utamu una sababu za kiwandani kabisa. Kalibu ikitumika mara nyingi hupoteza ncha kali, kwa hiyo pua, kope na mikunjo ya nguo hulainika. Sanamu moja inayotakiwa kuuzwa katika majimbo mengi haiwezi kuwa na sura ya mtu fulani. Inabidi iwe na sura ya mtu yeyote. Mnunuzi anayechagua kwenye katalogi hatapenda kitakachomtisha. Changanya hayo matatu na utapata uso uleule: mashavu ya waridi, macho yaliyoinuliwa, kichwa kilichoinama upande mmoja. Hakuna aliyekaa akapanga kuiharibu sanaa. Soko lilisugua tu hadi kila kitu kikawa laini.

Mfano wa karibu ni Thérèse wa Lisieux, mtawa Mkarmeli aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Dada yake Céline, naye mtawa katika monasteri hiyohiyo, alikuwa na kamera na alijua kuchora. Alimpiga picha nyingi. Lakini zilizosambazwa duniani baada ya kifo chake zilikuwa michoro ya Céline na picha zilizopitiwa kwa brashi: kidevu kimelainishwa, ngozi imefanywa ya kitoto, macho yamepewa ndoto. Picha halisi zilichapishwa mwaka 1961 tu. Ndani yake yumo mwanamke mwenye taya pana anayeikabili kamera bila kutabasamu, na katika picha za mwisho uchovu wa kifua kikuu unasomeka machoni. Céline alifanya vile kwa upendo, na aliamini kabisa kwamba picha zake zilimfanana dada yake kuliko kamera ilivyomwona.

Hapo ndipo kesi ya sura inapopata uzito. Tatizo la sanaa ya hisia za mteremko ni kile inachokitoa. Inaondoa taya. Inaondoa kikohozi. Altare ya Isenheim, yaani picha za kuwekwa juu ya altare, aliyoichora Matthias Grünewald kati ya mwaka 1512 na 1516, iliwekwa kwenye hospitali ya watawa waliowauguza watu wenye ugonjwa uliozesha viungo. Kristo wake msalabani ana vidonda mwili mzima, vidole vimekakamaa, ngozi imegeuka kijani. Mgonjwa aliyeletwa mbele yake aliona mwili unaofanana na wake. Faraja ya picha ile imepita kwanza kwenye maumivu. Faraja ya sanamu laini inakupa kilio bila msiba. (Kwa haki niseme kwamba damu nayo inaweza kuwa mteremko: sanamu iliyomiminiwa rangi nyekundu ili tu itoe machozi kwa watazamaji inacheza mchezo uleule kutoka upande wa pili.)

Thomas Kinkade, mchoraji wa Marekani aliyefariki mwaka 2012, aliufikisha mchezo huo mahali ambapo wa Saint-Sulpice hawakuota. Alijiita Mchoraji wa Nuru na kulisajili jina hilo kama alama ya biashara. Picha zake zinazojulikana zaidi ni vijumba vya mawe jioni, bustani imechanua maua yote kwa wakati mmoja, na kila dirisha linang'aa rangi ya machungwa. Mara nyingi hakuna mtu. Karibu na saini aliweka alama ya samaki na kumbukumbu ya Yohana 3:16. Nakala zilichapwa kwenye turubai, kisha wafanyakazi waliofunzwa wakaongeza madoa ya rangi kwa brashi na bei ikapanda. Nimezitazama picha hizo kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, na ninachokiona ni dunia ambayo haikuhitaji kukombolewa, kwa sababu hakuna kilichoharibika ndani yake. Kwa mtu aliyeandika Yohana 3:16 pembeni, hiyo ni dosari ya imani, wala haihusiani na rangi.

Hata hadithi hutiwa sukari. Mikono inayosali ya Albrecht Dürer iko kwenye mishumaa, makaburi na sahani za ukutani duniani kote, na mara nyingi huambatana na kisa cha ndugu wawili: mmoja akaenda kuchimba madini ili kumlipia mwenziwe masomo ya uchoraji, vidole vyake vikaharibika, na Dürer akaichora mikono ile kwa shukrani. Kisa hicho hakina ushahidi wowote. Mchoro ni wa mwaka 1508 hivi, brashi juu ya karatasi ya buluu, na ulikuwa maandalizi ya mikono ya mtume mmoja katika altare iliyoagizwa na Jakob Heller, mfanyabiashara wa Frankfurt. Sehemu ya katikati ya altare hiyo iliungua mwaka 1729. Mchoro upo Vienna, na mikono ile ukiitazama haina alama ya machimbo: ni mirefu na imetunzwa.

Anayecheka ni nani?

Kabla ya kuwashtaki wanunuzi, inafaa kuwatazama washtaki. Mwandishi Mfaransa Joris-Karl Huysmans aliandika mwaka 1906 kwamba ubaya wa sura aliouona Lourdes ulikuwa mwingi mno kuwa bahati mbaya. Akauita kisasi cha shetani. Alikuwa Mkatoliki wa dhati, na huduma kwa wagonjwa pale ilimgusa sana. Lakini sauti yake ni ya msomi wa mjini anayetazama sebule za wengine, na sauti hiyo imeendelea kusikika. Kikombe cha dhahabu chenye vito kikiwa altareni huitwa urithi. Sanamu ya plasta yenye taji la bati katika nyumba ya mjane huitwa ushamba. Vyote viwili vinang'aa.

Walipojaribu kurekebisha mambo kutoka juu, matokeo yalikuwa ya kufundisha. Mdominiko Marie-Alain Couturier aliamini kanisa liwaite wasanii wakubwa hata kama hawana imani. Kanisa la Plateau d'Assy, kwenye Alpu za Ufaransa karibu na sanatoria za wagonjwa wa kifua kikuu, lilitabarukiwa mwaka 1950 likiwa na kazi za Rouault, Léger na Matisse. Msalaba wa Germaine Richier ulionyesha Kristo asiye na uso, mwili kama gogo lililoliwa na hali ya hewa. Kelele zilipanda, na mwaka 1951 askofu akaamuru uondolewe altareni; ulirudishwa miaka mingi baadaye. Kumbe sanaa kali nayo huweza kuwaacha nje watu walewale inaotaka kuwaokoa na utamu.

Jibu ninaloliona la busara kuliko yote halikutoka kwa msanii. Mtawa wa Polandi Faustina Kowalska alisema aliona njozi ya Yesu mwaka 1931, na mwaka 1934 mchoraji Eugeniusz Kazimirowski akaichora huko Vilnius kwa maelekezo yake. Faustina alipoiona kazi hiyo alilia, kwa sababu haikumkaribia yule aliyemwona. Katika shajara yake ameandika alichojibiwa na Yesu: ukuu wa picha hauko kwenye rangi wala brashi, uko kwenye neema. Mwenye njozi mwenyewe aliiona picha haitoshi, na ikaachwa hivyohivyo.

Pesa

Huku ndiko ningewashauri wakali wapeleke ukali wao. Matendo 19 inamweleza Demetrio wa Efeso, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi na kuanzisha ghasia dhidi ya Paulo. Malalamiko yake yalianza na kipato cha mafundi, mungu wa kike akatajwa baadaye. Sheria za Kanisa Katoliki zimelijua jaribu hilo. Kanuni ya 1190 ya mwaka 1983 inakataza kabisa kuuza masalia. Sheria ya zamani ya 1917 ilisema kitu kilichobarikiwa kikiwekwa hadharani kuuzwa kinapoteza baraka yake, ndiyo sababu ya desturi ya kununua kwanza kisha kumpelekea padre. Unalipia plasta, baraka haina bei.

Mpaka huo ni mwembamba, na wauzaji wajanja huutembea. Mwaka 2006 jopo la usuluhishi nchini Marekani liliiamuru kampuni ya Kinkade iwalipe wamiliki wawili wa zamani wa maduka ya picha zake dola 860,000. Walidai walishawishiwa kuwekeza kwa lugha ya imani na uaminifu wa Kikristo huku mambo ya msingi wakifichwa. Ukiniuliza kipi kinanuka kati ya hilo na chupa ya taji la buluu, sina haja ya kufikiri.

Kuna pia bidhaa zinazobadilika zikiwa sokoni. Bangili za herufi W.W.J.D., yaani swali la Yesu angefanya nini, zilianza mwaka 1989 katika kundi la vijana wa kanisa moja mjini Holland, Michigan. Swali lenyewe lilikuwa limeenezwa na riwaya ya Charles Sheldon ya mwaka 1896. Bangili ilikusudiwa imuulize aliyeivaa, kila anapotaka kusema uongo au kumpita mtu mwenye shida. Katika miaka ya 1990 ziliuzwa kwa mamilioni, zikaigwa na kila kiwanda, na kwa wengi zikawa utambulisho wa kuonyesha wengine: mimi ni wa kundi hili. Fulana zinazoiga nembo za vinywaji na kuweka jina la Yesu mahali pa jina la kampuni zimeanzia moja kwa moja hapo mwisho. Hazina swali kwa anayevaa. Zinatangaza tu, na kwa lugha ya kuazima.

Jambo moja halitajwi na upande wowote. Kwa desturi ya Kikatoliki, kitu kilichobarikiwa kikichakaa hakitupwi jalalani. Huchomwa na majivu yakafukiwa, au huzikwa kizima. Desturi hiyo ilizaliwa enzi za mbao, karatasi na kitambaa. Plastiki ukiichoma inatoa moshi wenye sumu, ukiizika haiozi. Ndiyo maana rozari zilizokatika na sanamu zilizopoteza vidole huishia kuachwa kanisani na watu wasiozihitaji tena na wasiothubutu kuzitupa, na padre anayezikuta hana njia rahisi kuliko yao.